Baiskeli Uvinza: njia za changarawe kati ya Malagarasi na miombo

Wageni wanaokuja na baiskeli mkoani Kigoma huuliza kwanza kilomita ngapi. Jibu lipo, ila halimsaidii mtu. Kilomita 30 za Uvinza mwezi wa Julai ni asubuhi moja ya raha. Kilomita hizo hizo mwezi wa Januari, mvua ikiwa imenyesha usiku, unaweza kuzimaliza jioni ukiwa umeibeba baiskeli kuliko ilivyokubeba. Huku kinachoamua safari ni udongo unaopita juu yake, na siku ngapi zimepita tangu uliponyeshewa. Basi mwongozo huu utatumia muda mwingi chini, kwenye tairi, kabla ya kufika kwenye njia zenyewe.

Nimechagua Uvinza badala ya Kigoma mjini kwa sababu ya mto. Malagarasi unaanzia kwenye vilima vya mpakani na Burundi, unazunguka upinde mkubwa, kisha unageuka magharibi kwenda Ziwa Tanganyika, na Uvinza iko hapo kwenye safari ya mwisho. Ruchugi, unaoteremka kutoka upande wa Kasulu, unaingia Malagarasi karibu na mji. Ukivuka mto kwenda kusini, msitu wa miombo unaanza na haukati upesi. Mji una stesheni, soko, mafundi baiskeli na mama lishe. Mwendesha baiskeli hahitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine ikaingia Mei. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuendesha. Ndani ya miezi hiyo kuna tofauti. Juni barabara bado ina unyevunyevu kidogo chini, vumbi halijawa unga, na nyasi ndefu za pembeni bado hazijachomwa. Agosti na Septemba ni kavu kabisa, ila moshi wa mioto ya porini hutanda na koo litakuambia. Mwishoni mwa Septemba miombo huchipua majani mapya kabla hata mvua haijaja, na majani hayo hutoka mekundu, ya shaba na ya kahawia hafifu kabla ya kuwa kijani. Kwa anayekuja na kamera, huo ndio wakati wake.

Anayelazimika kuja masika aje, lakini abaki kwenye njia za mjini na barabara kuu. Njia ya kusini nitakayoieleza baadaye aiache.

Kufika

Kutoka Kigoma kuna lami. Kipande cha Kidahwe hadi Uvinza kina kilomita 76.6, na ukijumlisha na kile cha Kigoma hadi Kidahwe unapata kama kilomita 100. Wapo wanaoiendesha yote kwa siku moja kama kujipasha moto, wakipumzika Kandaga na Kazuramimba. Mimi simshauri mtu afanye hivyo siku moja kabla ya kwenda porini. Mabasi na magari madogo yanayokwenda Uvinza hupakia baiskeli juu ya keria, na bei ya mzigo mnakubaliana kabla haijapanda, si baada ya kushuka.

Anayetoka Dar es Salaam, Dodoma au Tabora ana treni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, nayo inasimama Uvinza. Baiskeli haikai na abiria. Ipeleke kwenye dirisha la mizigo mapema, ipimwe, ulipe, upewe stakabadhi, nayo iingie behewa la mizigo. Fungua pedali, geuza usukani ulale sambamba na fremu, funga kadibodi kwenye kibadilishia gia cha nyuma, maana kitu hicho hupinda kwa kugongwa na gunia moja tu. Andika jina lako na neno UVINZA kwa maandishi makubwa. Ukishuka usiondoke jukwaani bila kuikagua.

Baiskeli gani

Baiskeli za changarawe zenye usukani uliopinda na matairi mapana zimeanza kuonekana Tanzania, na ni nzuri kwa kazi hii. Lakini jua unaingia nchi ya nani. Vijiji vya huku vinaendeshwa na baiskeli za inchi 28 zenye breki za vyuma, na chache za inchi 26 za milimani. Baiskeli nyingi za changarawe zina rimu ya milimita 622. Ile inchi 28 ya mtaani ni milimita 635. Kwa macho zinafanana, lakini tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Kwa hiyo tairi ya akiba utaileta mwenyewe, ya kukunja. Tyubu ni nafuu kidogo, kwa sababu mpira unanyooka: tyubu ya inchi 28 inaweza kukufikisha nyumbani ndani ya tairi yako ukiiingiza kwa uangalifu.

Mwenye baiskeli ya milimani ya inchi 26 ana raha isiyosemwa. Tairi, tyubu, spoki, vyote vinapatikana hata gulio la kijijini. Kama unanunua baiskeli kwa ajili ya mikoa ya magharibi na hela haitoshi kwa vyote, nunua hiyo, uiwekee tairi zisizo na meno marefu.

Angalia na valvu. Pampu za mafundi wengi zinaingia valvu za kizamani au zile za magari. Kama zako ni nyembamba za Kifaransa, beba kile kichwa kidogo cha shaba cha kugeuzia. Kinauzwa bei ya soda, na bila hicho fundi mwenye pampu nzuri atakutazama tu.

Upana wa tairi usiwe chini ya milimita 40. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye mzigo mdogo na tairi za milimita 45, upepo wa paundi 35 mbele na 38 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwenye mchanga shusha hadi 28 au hata 25, kama tairi zako ni zile za kutumia bila tyubu ndani. Mwenye tyubu asishuke sana, kwani rimu ikigonga jiwe tyubu hubanwa na kutoboka matundu mawili pacha, na kiraka kimoja hakitoshi.

Vifaa: tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, vyuma vya kuvulia tairi, kikata cheni na kiungo kimoja cha akiba, funguo za bolti, waya laini, mpira wa kufungia mizigo. Ongeza sindano nene na uzi wa kushonea viatu. Ubavu wa tairi ukichanika, unaushona, kisha unaweka ndani kipande cha tyubu ya dawa ya meno au plastiki ya chupa ya maji, unajaza upepo kiasi na kuendelea. Mafundi wa huku wanaijua kazi hiyo kwa mikono na wataifanya vizuri kuliko wewe.

Kusoma udongo

Kuna aina nne utakazokutana nazo, na kila moja ina adabu yake.

Ya kwanza ni changarawe nyekundu, ile moramu inayomwagwa na kushindiliwa barabarani. Ikiwa mpya na imeshindiliwa vizuri ni tamu kuliko lami mbovu. Ikichakaa inafanya mambo mawili. Katikati na kwenye njia za magurudumu hujitokeza mawimbi madogo madogo ya rafu yanayokutikisa hadi meno. Tafuta ukanda laini, mara nyingi uko ukingoni kabisa, upana wa kiganja, ambako wenyeji wamepita kwa baiskeli zao hadi pakang'aa. Jambo la pili ni vile vijiwe vya mviringo vinavyoachwa juu udongo laini ukishapeperushwa. Kwenye kona vinateleza kama punje za mtama sakafuni. Punguza mwendo kabla ya kona, achia breki ukiwa ndani yake, na usiinamishe baiskeli.

Ya pili ni mchanga. Ndani ya miombo udongo wa juu ni mwepesi, wa kijivu au kahawia hafifu, na pale magari yanapopita sana hubaki mchanga mtupu wa kuzamisha rimu. Kabla hujaingia, shuka gia. Sukuma makalio nyuma, legeza mikono, kanyaga kwa mzunguko usiokatika, na uache usukani uyumbe kidogo wenyewe. Anayeukaza huanguka. Ukisimama katikati, usipoteze nguvu kujaribu kuondoka papo hapo. Kokota hadi palipo na majani.

Ya tatu ndiyo inayoharibu safari: mbuga. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi kwenye mabonde mapana yasiyo na miti, kati ya mwinuko mmoja wa miombo na mwingine. Kiangazi unakauka na kupasuka nyufa za kumeza gurudumu la mbele, kwa hiyo zivuke kwa pembe, usiende sambamba nazo. Mvua ikinyesha hata nusu saa, udongo huo hushika tairi, hujaa kwenye uma wa mbele na chini ya breki, na baada ya hatua kumi magurudumu hayazunguki. Usilazimishe, kwani hapo ndipo kibadilishia gia hukatika. Ibebe begani au subiri jua. Kwenye mbuga iliyokauka, jua la saa chache baada ya manyunyu linatosha. Baada ya mvua kubwa hesabu siku mbili.

Ya nne ni ardhi ya mtoni, kuelekea Ruchugi na Malagarasi: tifutifu, njia za miguu kati ya mashamba ya mpunga na mahindi, ngumu na laini wakati wa kiangazi. Hapa adui ni mbigiri. Ile mbegu yenye pembe inakaa kwenye vumbi la njia za kijijini, na tairi moja inaweza kuokota tatu kwa mkupuo. Ukiiona, usiivute porini bila tyubu mkononi, kwa sababu wakati mwingine ndiyo iliyoziba tundu. Porini tatizo ni visiki. Baada ya moto, vichipukizi vilivyokatwa mshazari kwa panga hubaki vyeusi na vikali ardhini, vinapasua ubavu wa tairi. Kwenye eneo lililoungua kaa katikati ya njia.

Saa

Mtu wa Dar es Salaam akitega kengele yake ya kila siku atakuta giza. Uvinza iko mbali magharibi, na jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi, kama nusu saa baada ya Dar, na kuzama karibu saa 1 jioni. Maana yake ni kwamba jua kali haliko saa 6 bali saa 7 na kuendelea hadi saa 9. Anza mara tu unapoona barabara, tafuta kivuli kuanzia saa 6 na nusu, na malizia saa 10 hadi 12. Usiendeshe usiku. Malori hayatakuona ndani ya vumbi lao.

Salamu, ruhusa na karatasi

Kigoma ni mkoa wa mpakani. Beba kitambulisho halisi, cha NIDA au pasipoti, si picha kwenye simu, kwa sababu ukaguzi wa uhamiaji barabarani ni jambo la kawaida na picha haimridhishi kila ofisa.

Ukiingia kijiji ambako utaiacha barabara kuu na kushika vichochoro vyake, pita ofisi ya serikali ya kijiji. Mtafute mtendaji, au mwenyekiti kama mtendaji hayupo, mweleze unatoka wapi, unaelekea wapi, unarudi lini, saini kitabu cha wageni. Dakika kumi. Faida yake unaiona ukichelewa, kwani kuna mtu anayejua jina lako. Misitu mingi ya huku ina mwenyewe: ipo ya vijiji, ipo ya halmashauri, ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kupita barabara ya umma hakuhitaji kibali, lakini kuingia msituni na hema ni habari nyingine, nenda ofisi ya TFS uulize kwanza.

Waha, wenyeji wa huku, husalimia kwa utulivu, mara nyingi kwa kupiga makofi taratibu na kuinama kidogo. Simama kabisa, weka mguu chini, msalimie mzee kwa shikamoo, mama anayepita na mzigo mpe pole. Kumrushia mtu salamu ukiwa kasi na miwani ya jua usoni hakukupunguzii muda wowote wa maana.

Na wale wenye mkaa. Utakutana na baiskeli zenye magunia mawili au matatu ya mkaa nyuma, yamefungwa juu kuliko kichwa cha mwendeshaji, breki ni ndala iliyokanyagwa kwenye tairi. Wengine wana madumu ya mawese au samaki. Mtu huyo akiwa anateremka hawezi kusimama. Ni wewe unayetoka barabarani, mapema, upande wowote, bila majadiliano. Akiwa anapanda, shuka umsukumie hadi juu. Maswali yote uliyonayo kuhusu njia atakujibu hapo kwa usahihi kuliko ramani.

Njia ya kwanza: mji, chumvi na daraja

Hii ni ya siku ya kufika, ya kujaribu baiskeli baada ya misukosuko ya treni. Saa tatu zinatosha bila haraka.

Anzia stesheni, pita sokoni ununue ndizi na karanga, kisha elekea upande wa mgodi wa chumvi. Maji ya chumvi yanatoka ardhini hapa, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya kubadilishana hadi mbali ng'ambo ya ziwa, na watemi wa Wavinza waliishi kwa ushuru wake. Leo uzalishaji uko mikononi mwa kampuni, kwa hiyo getini omba ruhusa. Usipite pembeni ukijidai umepotea. Kuchemsha chumvi kulikula kuni nyingi, na uwazi unaouona kuzunguka mji una historia yake hapo. Ardhi karibu na maji ya chumvi ina ukoko mweupe unaovunjika chini ya tairi. Usiendeshe juu yake, si kwa hatari yoyote kubwa, ila matope yaliyo chini yake yataingia kwenye cheni na kesho yake utaiona imeota kutu.

Kutoka hapo fuata njia za miguu za upande wa Ruchugi, kati ya mashamba, ukiuliza kila penye njia panda. Ni nyembamba, shuka unapokutana na mtu mwenye mzigo kichwani. Kisha rudi barabara ya Mpanda na uifuate kusini hadi daraja la Malagarasi. Simama darajani, tazama maji. Mwaka 1871 Stanley alivuka mto huu akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa Wavinza ndipo akapewa mitumbwi, na punda wake mmoja aliyekuwa akivutwa kwa kamba majini alichukuliwa na mamba. Mamba bado wapo. Viboko pia. Usishuke kunawa miguu, hata ukiwaona watoto wanafanya hivyo. Wao wanajua sehemu yao na saa yake. Maji haya pia si ya kunywa bila kuchemshwa au kutiwa dawa, na kichocho kipo.

Usipige hema ukingoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hata isingekuwepo, kiboko anayetoka kula usiku angekupa sababu.

Njia ya pili: kusini, ndani ya miombo

Hii ndiyo watu wanaijia. Barabara ya Uvinza kwenda Mpanda ina karibu kilomita 200, na sehemu kubwa yake bado ni changarawe inayopita katikati ya misitu. Mwenye siku moja anakwenda na kurudi. Mwenye siku tatu au nne, mzigo kamili na mwenzake anaweza kuimaliza hadi Mpanda na kurudi kwa treni kupitia Kaliua. Nitaeleza ya siku moja, ya pili ni hiyo hiyo ikirudiwa.

Ondoka jua linapochomoza. Vuka daraja. Baada ya hapo barabara inapanda polepole, mashamba yanapungua, na miti inakuwa ile ile kwa muda mrefu: miyombo na mitundu yenye vichwa bapa, mninga wenye magome yaliyopasuka vigae, mkurungu hapa na pale. Huku ndiko uliko ukanda wa Masito na Ugalla, mojawapo ya makazi makavu kabisa wanakoishi sokwe. Usitegemee kuwaona kutoka barabarani.

Usigeuze kwa kilomita, geuza kwa saa. Saa 5 asubuhi, popote ulipo, rudi. Sababu ni maji. Vijiji vinaachana, na kisima ulichoambiwa kipo kinaweza kuwa kimekauka Septemba. Ondoka mjini na lita nne kwa kila mtu, tano ikiwa ni Agosti kuendelea. Ukifikia nusu ya maji kabla ya saa 5, geuza hapo hapo. Simu nayo hukatika mtandao muda mrefu, kwa hiyo pakua ramani ya kutumia bila intaneti usiku wa kuamkia safari, na mwachie mtu mjini saa yako ya kurudi.

Sasa ndorobo, ndio hao hao mbung'o. Wa huku wanafuata kitu kinachotembea, na rangi wanazozipenda ni bluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ajabu ni kwamba nguo nyingi za waendesha baiskeli ni nyeusi na za kubana, yaani mtego wenye miguu. Vaa kaki, udongo au kijani kilichofifia, kitambaa kizito kiasi, kilicholegea, mikono mirefu. Kitambaa chembamba wanakipenyeza. Dawa za kupaka za mbu haziwasumbui sana. Ukiwa na mwendo mzuri wanabaki nyuma. Ukipanda mlima polepole wanakuja kukaa mgongoni na huwahisi hadi sindano iingie. Wawili wakiendesha pamoja wapigane migongo kwa matawi, wenyeji wanafanya hivyo.

Lichukulie kwa uzito kidogo zaidi ya maumivu. Ukanda huu umekuwa na malale kwa miaka mingi, ya aina inayokwenda haraka. Uwezekano kwa mpita njia ni mdogo. Lakini ukipata homa katika wiki zinazofuata, au uvimbe wenye kidonda mahali ulipoumwa, usiridhike na kipimo cha malaria peke yake. Mwambie daktari kwa maneno: niliumwa na ndorobo Uvinza, nipime malale. Daktari wa Dar es Salaam au Arusha hatalifikiria hilo kama hukulisema. Kigoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Nyuki ni rahisi zaidi. Ukiona mzinga juu ya mti, wa gogo au wa gome, usipumzike chini yake na usipige kelele. Wakikuvamia usiwapigepige. Panda baiskeli, funika uso kwa shati, kanyaga hadi wakuache. Asali utainunua barabarani kwenye chupa za maji. Nzuri ni ile ambayo muuzaji anakuruhusu uonje bila kusita.

Mchana pumzika kijijini, si porini. Kwa mama lishe utapata ugali wa muhogo na dagaa au maharage, na chai ya rangi yenye sukari nyingi inayofaa kazi hii kuliko vinywaji vyovyote vya wanamichezo.

Mashariki, na mwisho wa mto

Barabara ya kwenda Malagarasi na Nguruka nimeiweka nyuma kwa makusudi. Kipande cha Uvinza hadi Malagarasi, kilomita 51.1, kimekuwa mikononi mwa wakandarasi kwa ajili ya lami, na reli mpya ya Tabora hadi Kigoma inaongeza malori. Uliza mjini hali ya wiki hiyo. Ukiifuata hadi mwisho unafika Daraja la Kikwete, na kutoka juu yake unaona kwa nini bonde hili liliwekwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000, la kwanza kwa Tanzania: maji na nyasi hadi macho yanapochoka. Kwa kuendesha tu, siipendi. Kwa ndege, nenda na darubini.

Aliyebakiza siku moja na anayerudi Kigoma anaweza kuuona mto unakoishia. Shika barabara ya Simbo kwenda Ilagala. Huko mandhari hubadilika: michikichi, mpunga, joto la ziwani. Ilagala unavuka kwa kivuko, baiskeli ikiwa mkononi, ukiacha magari yatangulie kuingia, na ng'ambo barabara inaendelea kusini kuelekea Kalya. Vivuko hukwama na hutengenezwa, kwa hiyo ulizia kabla hujatoka Kigoma kama kinafanya kazi.

Kabla ya kurudi

Usioshe baiskeli kwa mashine ya magari. Maji yale yenye nguvu yanasukuma vumbi ndani ya beringi. Brashi, ndoo na kitambaa vinatosha. Kung'uta cheni ikiwa kavu, ifute hadi kitambaa kitoke safi, ndipo utie oili tone moja kwa kila kiungo na kufuta tena iliyobaki nje. Fundi wa mtaani atataka kukumiminia oili chafu ya injini kwa ukarimu. Mshukuru, mwambie utatia mwenyewe, kwa sababu oili ile ikichanganyika na vumbi jekundu inakuwa msasa. Kagua spoki kwa kuzibana mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu zima, iliyolegea inajitambulisha. Rafu ya barabara ya Mpanda hulegeza za nyuma upande wa gia kwanza. Fundi wa sokoni atazikaza kwa bei ndogo, na ni afadhali afanye yeye leo kuliko zikatikie kwenye behewa la mizigo chini ya gunia la maharage la mtu.